Mhariri, gesi ya baluni inawalemaza vijana wetu huku London

Mhariri, salaam. Mimi ni msomaji wenu niliyeko London mashariki, gazeti lenu nalisoma kwenye simu nikiwa kwenye basi la kazini. Naandika kuhusu hii gesi ya kuchekesha, kitaalamu nitrous oxide, wanayovuta vijana kwenye baluni, maana wazazi wengi wa Kiswahili, wa huku na wa huko nyumbani wenye watoto huku, hawaijui kabisa na watoto wanafikishwa hospitali wameshachelewa.

Gesi yenyewe si ngeni. Wodi ya uzazi mama akishikwa na uchungu anapewa avute, imechanganywa na oksijeni nusu kwa nusu. Jikoni inaumulia krimu ya keki, ndo maana ilikuwa inapatikana madukani tu bila shida. Zamani vijana walikuwa na vile vichupa vya gramu 8, siku hizi ni mitungi ya gramu 600 na zaidi, wanakaa nayo ndani ya gari usiku kucha, mtu anajaza baluni, anavuta, anacheka dakika moja mbili imeisha, anajaza nyingine. Na kwa vile si pombe hainuki mdomoni, mtoto anarudi nyumbani mama anamwona mzima wa afya.

Kumbe inaua nguvu ya vitamini B12 mwilini, na bila hiyo ule utando unaofunika mishipa ya fahamu na uti wa mgongo unaharibika. Inaanza ganzi vidoleni, inapanda miguuni, afu mtu anaanza kuyumba kama mlevi na hajanywa kitu.

Nilimsindikiza jirani yangu emajensi, mama wa makamo ambaye Kiingereza hakimpandi, na mwanae wa kiume aliyekuwa hawezi tena kupanda ngazi. Ndugu kwenye WhatsApp walishasema karogwa, mwingine kasema ni baridi apakwe mafuta, wiki zikapita hivyo hivyo. Kwenye korido ndala ilimvuka mguuni na yeye akaendelea kutembea, hana habari. Daktari akamgusisha kidole gumba cha mguu na kile chuma kinachotetemeka, unasikia? Hasikii. Akaambiwa asimame miguu pamoja afumbe macho, nusura aanguke tukamdaka. Akaulizwa anatumia nini akasema hatumii chochote, mama naye anaapa, mwanangu hata sigara haijui. Mpaka nesi alipomwomba mama atupishe kidogo, mimi nikabaki kutafsiri, ndo kijana akainamisha kichwa akasema baluni, kila wikiendi. Amenikubalia niandike haya bila jina lake.

Sasa angenyamaza ingekuwaje? Kipimo cha damu cha B12 kinaweza kuonyesha iko ya kutosha wakati haifanyi kazi, na daktari asiyejua habari ya gesi anaweza kumrudisha mtu nyumbani. Akijua anaagiza vipimo vingine na sindano za B12 zinaanza hapo hapo bila kungoja majibu. Vidonge vya kujinunulia havitoshi, na hata sindano ni kazi bure kama bado anavuta. Wapo wanaopona kabisa, wapo wanaobaki na ganzi na fimbo ya kutembelea, vijana wa miaka ishirini na kidogo jamani.

Tangu tarehe 8 Novemba 2023 kukutwa na gesi hii kwa ajili ya kulewa ni kosa Uingereza, kifungo mpaka miaka 2, na muuzaji mpaka 14. Uholanzi walipiga marufuku Januari mwaka huo huo. Muuzaji abanwe, sina ubishi hapo, ila kijana sasa ana woga wa polisi juu ya woga wa mama yake. Siku ile hakuna aliyeita polisi, walimtibu tu. Ule woga mwingine uko mikononi mwetu wazazi: mtoto akisema miguu imekufa ganzi muulize kwa upole, na ukiona anameza maneno mwache na daktari peke yao, wewe kaa nje, usilazimishe kusikia.

Ombi langu Mhariri, daktari wenu wa ukurasa wa afya aielezee gesi hii kwa Kiswahili, dalili zake na matibabu, tuisambaze kwenye magrupu ya familia. Vipeperushi vya hospitali nilivyoviona vyote ni vya Kiingereza na yule mama hawezi kuvisoma.

Msomaji wenu,
London Mashariki