Mng'ao wa tochi hauthibitishi jiwe la kijani

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jambo linalowapotosha wanunuzi wa mapambo ya mawe hapa Nakuru. Baadhi ya wauzaji humulika jiwe la kijani kwa tochi ya miale ya urujuanimno, na likitoa mwanga hafifu wa kijani-manjano humhakikishia mteja kwamba hiyo ni amazonaiti halisi. Huo si uthibitisho hata kidogo.

Amazonaiti ni jiwe la feldispa, kundi la madini yaliyo mengi katika miamba, nayo ni ya aina iitwayo maikroklini. Zamani rangi yake ilidhaniwa kuletwa na shaba, lakini mwaka 1985 wanasayansi Anne Hofmeister na George Rossman wa Marekani walionyesha kwamba inatokana na chembe za metali ya risasi zilizokaa ndani ya fuwele, pamoja na maji kidogo na mnururisho (mionzi) wa asili, ambao sehemu yake hutoka katika potasiamu ya jiwe lenyewe. Mambo hayo yakikutana, jiwe hufyonza mwanga mwekundu, nasi tukaona kijani na samawati. Likichomwa kwa moto mkali, rangi hupotea. Mng'ao wa tochi una chanzo kingine: jiwe hupokea miale isiyoonekana na kutoa mwanga unaoonekana, na tochi ikizimwa mng'ao nao hukoma. Amazonaiti hung'aa kwa unyonge tu chini ya miale ya urujuanimno yenye mawimbi marefu, na viko vioo vinavyong'aa kuishinda.

Mnunuzi na atumie kikuzaji. Akiona michirizi myeupe ya albaiti, feldispa ya aina nyingine, ndani ya kijani, ana sababu ya kuamini. Akiona viputo vya hewa, hicho ni kioo. Anayeuziwa amazonaiti kwa jina la jedi alinganishe uzito wake na ukubwa wake, kwa maana jedaiti, aina moja ya jedi, ina msongamano wa takriban gramu 3.3 kwa sentimita ya ujazo na amazonaiti 2.56 tu.

Jambo hili linaniuma kwa sababu jiwe hili si geni kwetu. Miongoni mwa shanga zilizozikwa pamoja na wafu katika pango la Mto Njoro miaka ipatayo 3,000 iliyopita, ambazo wanaakiolojia Mary na Louis Leakey walizifukua mwaka 1938, zimo za feldispa hii ya kijani. Ningeomba makumbusho ya Hyrax Hill yawaandalie wafanyabiashara na wanafunzi onyesho dogo, amazonaiti iwekwe kando ya kioo na jedi, na kikuzaji na mizani viwe mezani.

Mkazi wa Njoro,
Kaunti ya Nakuru