Panya wa maabara si mnunuzi wa Kiborloni

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu kwa miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja. Sasa naandika kwa sababu ya ile habari yenu kuhusu "mafuta mapya" na dondoo za mimea, yaani viini vilivyovutwa kutoka kwenye mmea, zinazoyeyusha kitambi. Haikusema kama waliopewa dondoo hizo walikuwa panya au watu. Haikusema walipewa kiasi gani, kwa wiki ngapi, wala walilinganishwa na nani. Ilisema tu kwamba wanasayansi wamegundua.

Habari hiyo imeshakatwa na kubandikwa kwa selotepu kwenye meza ya muuza unga wa mitishamba mmoja sokoni Kiborloni, hapa Moshi, juu ya vikopo vya mlonge, kahawa ya kijani na mafuta ya nazi. Mama mmoja mwenye kisukari alisimama pale akiuliza kama akianza unga ule anaweza kuacha kwanza vidonge vya hospitali. Jibu alilopewa ni kuonyeshwa ukurasa wenu.

Tuanze na mafuta. Gramu moja ya mafuta ya kawaida, yawe ya alizeti, ya mawese au samli, ina takriban kalori 9. Mafuta ya mnyororo wa kati, yale ambayo asidi zake za mafuta ni fupi, zenye kaboni 8 na 10, yana kama 8.3. Yakishameng'enywa huenda moja kwa moja kwenye ini badala ya kuzungushwa kwa njia ya limfu, ndiyo maana mwili huyachoma haraka. Faida hiyo ipo, ila ni ndogo: kwenye kijiko kikubwa cha gramu 14, tofauti ni kalori 10 hivi, pungufu ya kijiko kimoja cha chai cha sukari. Tena hayafai kukaangia, maana huanza kutoa moshi mapema, na anayeyanywa kwa wingi kwa mkupuo mmoja huishia kuharisha. Mafuta ya nazi yaliyo kwenye meza ile si hayo. Ndani yake asidi za kaboni 8 na 10 ni kama asilimia 15 tu. Karibu nusu ni asidi ya lauriki, ambayo sehemu kubwa hupita njia ileile ya mafuta mengine. Anayeongeza vijiko vitatu vikubwa vya mafuta ya nazi juu ya chakula chake cha kila siku amejiongezea zaidi ya kalori 350.

Mafuta ya kubadilishwa maabara nayo yana historia, na mwandishi wenu hakuigusa. Marekani iliruhusu mafuta bandia ya olestra mwaka 1996: sukari iliyobebeshwa asidi sita hadi nane za mafuta, ili vimeng'enya vya utumbo vishindwe kuikata. Ikapita tumboni bila kalori, ikaondoka na vitamini A, D, E na K, na pakiti zikalazimika kuandikwa onyo la tumbo kukata na choo kulegea. Japani ilianza kuuza mafuta ya daiasilgliseroli mwaka 1999, ambamo gliseroli, kiini kinachoshikilia asidi za mafuta, hubeba asidi mbili badala ya tatu, hivyo utumbo hupata shida kuyaunganisha upya. Yalinunuliwa kama mafuta ya afya hadi 2009, kampuni yenyewe ilipoyaondoa sokoni baada ya kukutwa na esta nyingi za glisidili. Esta hizo huzaliwa kiwandani wakati wa kuondoa harufu, hasa joto likizidi nyuzi 230, na mwilini huachia glisidoli, kemikali inayohofiwa kuleta saratani. Ndiyo maana swali la kwanza kwa mtafiti yeyote wa mafuta ni: yalisafishwa vipi, na kwa joto gani?

Upande wa mimea ndiko hasira yangu iliko. Utafiti mwingi wa aina hii hufanywa kwa panya wanaonenepeshwa makusudi kwa chakula ambacho asilimia 45 au 60 ya kalori zake ni mafuta. Tuseme panya walipewa miligramu 400 za dondoo kwa kila kilo ya uzito. Huwezi kuzidisha moja kwa moja kwa kilo 70 za mtu, maana mwili wa panya huchoma chakula kwa kasi kubwa kuliko wetu. Hesabu inayotumika kwa panya wadogo wa maabara hugawanya kwanza kwa 12.3. Unapata miligramu 32 na ushee kwa kilo, yaani gramu 2.3 za dondoo kwa siku kwa mtu wa kilo 70. Lakini dondoo si unga wa majani. Kama gramu 100 za majani makavu zilitoa gramu 10 za dondoo, mtu huyo anahitaji gramu 23 za majani kila siku, na kikopo kinamwambia atie kijiko kimoja cha chai kwenye uji. Zaidi ya hapo, maabara mara nyingi hutumia ethanoli iliyochanganywa na maji, nayo huvuta viambato ambavyo maji ya moto peke yake hayavivuti vyote. Kuchemsha majani nyumbani kunatoa kinywaji kingine kabisa. Na kahawa ya kijani! Sisi wa Moshi tunaijua buni tangu ikiwa shambani. Ni kweli buni mbichi ina asidi ya klorojeniki nyingi, kiambato kinachosifiwa kupunguza uzito, na kuikaanga hupunguza sehemu kubwa. Ila utafiti uliovumisha biashara hiyo duniani, uliochapishwa 2012, ulikuwa wa watu 16 tu huko India, ukidai walipungua karibu kilo 8. Mwaka 2014 Tume ya Biashara ya Marekani ilieleza kwamba takwimu za uzito zilikuwa zimebadilishwabadilishwa, kampuni iliyougharamia ikakubali kulipa dola milioni 3.5, na makala yenyewe ikafutwa. Kabla ya hapo, mwaka 1998, gasinia, dondoo ya tunda inayouzwa kwa kupunguza uzito, ilijaribiwa kwa watu 135 kwa wiki 12: waliopewa gasinia walipungua kilo 3.2, waliopewa vidonge visivyo na dawa walipungua kilo 4.1. Yote haya yako wazi kwa mwandishi yeyote mwenye simu, na bado mama wa watu anauziwa kikopo kwa jina la gazeti lenu. Dawa ya mitishamba inayopunguza kilo nyingi kwa wiki chache ndiyo ya kuogopwa kuliko zote. Nchi nyingi zimekamata za namna hiyo zikiwa zimechanganywa na sibutramini, dawa ya kupunguza hamu ya kula iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya moyo na kiharusi.

Na wakati tunafukuzia mafuta ya Japani, hakuna anayeandika juu ya karai la chipsi. Viazi vikiingia na maji, maji hayo huvunja mafuta. Hewa na joto humalizia. Mafuta yakitoa povu dogo lisilokufa, yakawa mazito na kuanza kufuka kabla chipsi hazijaingia, yamekwisha, na kuyaongezea mafuta mapya juu hakuyafufui. Mkaangaji akaushe viazi kwa kitambaa, atie chumvi nje ya karai, achuje makombo kila jioni, ashike joto la nyuzi 170 hadi 180. Likishuka sana, chipsi hunywa mafuta, na hapo ndipo kalori zinapoingia tumboni.

Ombi langu: kila habari ya utafiti wa chakula iwe na kisanduku cha mistari sita, herufi zilezile za habari, si ndogo zaidi. Aliyejaribiwa ni mnyama gani au watu wangapi. Kiasi kwa kilo ya uzito. Dondoo ilivutwa kwa kimiminika gani, na kutoka gramu ngapi za mmea. Wiki ngapi. Walilinganishwa na nini. Uzito uliopungua, kwa kilo, pande zote mbili. Mtafiti asipoweza kujaza mistari hiyo, habari isubiri. Na kwa hii iliyokwisha kutoka, chapeni kisanduku chake toleo lijalo, ukurasa uleule, ili anayepita Kiborloni awe na cha kubandika pembeni yake.

Msomaji wenu,
Moshi