Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira wa Jimbo la Haut-Katanga: viota vya korongo nyangumi

Lubumbashi

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mwalimu wa biolojia hapa mjini, na ninakuandikia kuhusu ndege ambaye wanafunzi wangu humjua kwa picha tu, ingawa makao yake ni mabwawa ya Upemba, kulekule wanakovuliwa samaki tunaowala hapa Lubumbashi. Vitabu humwita korongo nyangumi. Waarabu wa Sudani humwita Abu Markub, yaani mwenye kiatu, na kwa yeyote aliyeuona mdomo wake, jina hilo la pili ndilo linalomfaa.

Ndege huyu, ambaye kimo chake hufika hata mita 1.4, husimama kati ya mafunjo bila kutikisika, akimvizia kamongo apande juu kuvuta hewa. Katika Afrika nzima inakadiriwa kuwa wamebaki kati ya 5,000 na 8,000. Jike hutaga mayai mawili hivi, lakini kwa kawaida hukua kinda mmoja tu, kwa kuwa mkubwa humdonoa mdogo na kumnyima chakula hadi afe; kwa hiyo anayeiba kinda mmoja amechukua uzazi wote wa msimu. Na wezi wapo, kwa sababu ndege hai hununuliwa kwa bei kubwa ng'ambo. Tena kiota hujengwa maji yanapopungua, majira yaleyale ambayo matete huchomwa moto.

Ninajua kwamba Hifadhi ya Taifa ya Upemba iko chini ya ICCN, taasisi ya Kongo ya kuhifadhi mazingira, na kwamba sehemu kubwa ya maziwa ya Upemba iko katika jimbo jirani la Haut-Lomami. Hata hivyo, ajuaye kiota kilipo ni mvuvi, na mvuvi asiyelipwa chochote na mlinzi atasikiliza anayemlipa. Huko Bangweulu nchini Zambia, ambako si mbali nasi, wanavijiji wameajiriwa kulinda viota hadi makinda waruke. Ninaomba wewe na mwenzako wa Haut-Lomami mtenge fedha za walinzi wa namna hiyo kabla ya kiangazi, na maofisa wa mpakani Kasumbalesa na wa uwanja wa ndege wa Luano wapewe picha ya korongo huyu, wajue kuwa yumo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe pori walio hatarini, na kwamba hasafirishwi bila kibali.

Picha hizo wanafunzi wangu wako tayari kuzichora. Tunachosubiri ni ruhusa ya kuzibandika.

Wako kwa heshima,
Mwalimu wa biolojia, Lubumbashi