Kazi ya kukinyamazisha chuma

Mwanangu, mambo vipi! Meseji yako niliiona siku nyingi, nikasema hii siijibu kwa mistari miwili maana umeuliza huku nafanya kazi gani, na ni kitu ninachokipenda. Eti mtaani wanasema niko Uingereza nachimba mafuta? Hapana bana. Nasanifu seismomita, vile vyombo vya kupima mtikisiko wa ardhi, na upande wangu ni mekanika tupu: bodi (lile kasha la nje), springi, miguu, mifuniko.

Ndani ni kitu unachokijua, uzito umening'inia kwenye springi, ardhi ikicheza uzito unataka kubaki palepale. Ila za siku hizi haziuachi ucheze, kuna koili na sumaku vinaushikilia usitoke mahali pake, na umeme unaotumika kuushikilia ndo unasomwa kama mtikisiko. Tunapima mpaka nanomita, yaani milimita moja uigawe mara milioni. Ukifika huko unakuta adui ni chuma chako mwenyewe. Joto likipanda kidogo springi inalegea, uzito unashuka, chombo kinaandika. Mgandamizo wa hewa ukibadilika kitako cha chombo kinapinda, sio kupinda kwa kuona na macho wala dial geji, kile kipimo cha mshale cha karakana, haitakwambia kitu, lakini uzito unaona kama ardhi imeinama, chombo kinaandika tena. Kwa hiyo muda mwingi hata siwazi tetemeko, nawaza namna ya kuvinyamazisha vingine vyote ili ardhi peke yake ndo iongee.

Za kuweka chini ya bahari ndo zinanikosesha usingizi, na nazipenda kuliko zote. Kila mita 10 za maji zinaongeza kama bar moja ya mgandamizo, kwa hiyo ukishuka mita 6,000 ni bar 600, hapo kila sentimita moja ya mraba imebeba kama kilo 600. Eneo la ukucha wako wa kidole! Bodi tunatumia titaniamu kwa sababu ya chumvi, na wewe mkerezaji unaijua shida yake, joto haliondoki na vipande vinavyokatwa, linabaki kwenye ncha ya tuli, kile kisu cha kukatia, na tuli inakufa. Halafu vyote hivyo vinalindwa na oringi, pete ya mpira inayokaa kwenye mfereji kuzuia maji. Mfereji wake ukiwa na alama zinazozunguka kufuata mkerezo sina shida nao sana, ila mkwaruzo mmoja unaokatiza mfereji kutoka upande wa maji kuja wa ndani, hata kama ni mwembamba kama unywele, bodi nzima naikataa. Watu wananiona mkali, lakini maji yakishaingia huko chini hakuna wa kwenda kukaza nati.

Na sio sisi tu. NASA walitaka kurusha chombo chao InSight kwenda sayari ya Mars Machi 2016, ndani kuna seismomita iliyotengenezwa chini ya Wafaransa, Desemba 2015 ikagundulika tufe lake la vakyumu, lile lisilotakiwa kuwa na hewa ndani, linavuja. Safari ikaahirishwa mpaka Mei 2018! Sayari nzima imesubiri kwa sababu ya uvujaji. Ila walirekebisha, kikafika, na Mei 2022 kikasikia tetemeko la ukubwa wa 4.7 kule Mars. Nikisoma habari hiyo nawafikiria mafundi waliorudia ile kazi, wanastahili heshima yote.

Sasa nije kwetu maana hili linaniuma. Unakumbuka Julai 2007, kule mlima wa volkano wa Lengai, kaskazini mwa Tanzania, ardhi ilivyotikisika mpaka Nairobi watu wakatoka kwenye majengo? Bonde la Ufa limepita mlangoni kwetu lakini vyombo vingi vya kulisikiliza vinatoka nje kwenye makreti, kikiharibika kinarudi nje kwa meli au ndege. Sisemi tutengeneze sensa kesho, ile springi na kaliburesheni, yaani kuhakiki vipimo vyake, ni safari ndefu. Lakini bodi, vitako, mifuniko, stendi za kusawazishia, hivyo ni vya mtu mwenye mkono kama wako, nasema kwa dhati kabisa.

Basi naomba hivi. Nimechora bodi ndogo kwa muda wangu wa jioni, ni yangu sio ya kazini, tuanze na aluminiamu. Nitakutumia PDF, iangalie mfereji wa oringi kwanza, uniambie kwa ile leth yenu unaweza kuutoa laini kiasi gani, na materio kwa huko inakwenda bei gani. Pale utakapoona nimechora kitu kisichochongeka niambie tu nibadilishe.

Msalimie sana shemeji na watoto.