Barua kwa mwanangu: kabla hamjachagua gemu ya kucheza pamoja

Mwanangu mpendwa,

Jana uliniomba ruhusa ya kupakua Valorant, ile gemu ya kufyatuliana risasi kwa timu, kwenye kompyuta ya nyumbani, kwa sababu wenzako wawili wameshaanza kuicheza na hutaki kuachwa nyuma. Sikukujibu papo hapo. Mko marafiki watano, mmekua pamoja, na gemu mtakayoichagua ndiyo itakayokuwa kijiwe chenu cha jioni kwa muda mrefu. Nimeona nikuandikie ili usome bila haraka, kisha tuzungumze.

Kuna jambo nimelisikia kwa masikio yangu. Mkiwa kwenye ile gemu ya watu mia wanaoshuka kisiwani, mlango wako ukiwa wazi, mwanzoni nasikia kelele za wote. Baada ya dakika chache mmoja wenu anasema, "Nimekufa tena." Ni yule yule kila siku. Kuanzia hapo simsikii. Nyinyi mnaendelea kuitana, "Kulia! Kulia! Nyuma ya gari!" naye amebaki kuwatazama hadi mechi iishe. Wiki hii alisema ana kazi za shule akajiondoa mapema, na mechi iliyofuata mkaianza bila kumtaja.

Kwa hiyo mkikaa kujadili gemu, msianze kwa kuuliza ipi ina picha nzuri au ipi inavuma. Ulizeni hivi: aliye dhaifu kati yetu akitolewa, atakaa nje kwa muda gani, na akirudi atakuta kazi anayoiweza? Naliweka swali hili mbele ya mengine yote, kwa sababu gemu za ushindani hutofautiana mno hapo.

Katika Rocket League, ile ya magari yanayocheza mpira, hakuna anayekaa nje. Gari likilipuliwa linarudi uwanjani baada ya sekunde tatu, na mechi yenyewe ni dakika tano za saa ya uwanjani, labda muda wa nyongeza uongezeke mkitoka sare. Katika Counter-Strike 2 au Valorant ukiuawa unasubiri raundi iishe, pengine dakika moja na nusu; si mbaya, ila timu inayotafuta raundi 13 itacheza raundi nyingi, na mwenye mkono mzito atazitazama nyingi kati ya hizo. Gemu za kubaki mwisho, kama ile ya watu mia kisiwani, ndizo ngumu zaidi kwa mtu wa namna hiyo. Waundaji wenyewe waliliona tatizo: Apex Legends ilipotoka mwaka 2019 iliwapa wenzako nafasi ya kuichukua bendera yako na kukurudisha mchezoni, na mwaka huo huo Fortnite ikaleta magari ya kufufulia wachezaji. Lakini mpaka wenzako wakubali kujihatarisha kwa ajili yako. Je, nyinyi huwa mnakubali? Jibu hilo unalijua kuliko mimi.

Halafu kuna League of Legends na Dota 2, ambamo timu mbili za watano hupigana hadi moja ibomoe ngome ya mwenzake, nazo zina ukali wa aina yake. Huko mchezaji akiuawa, aliyemuua hupata dhahabu na kununua silaha bora. Maana yake kosa la mmoja humtia nguvu adui, na wenzake wanne wote wanaumia. Hapo ndipo lawama huanzia, hata kati ya ndugu. Sizichukii gemu hizo. Nadhani ni miongoni mwa zenye akili nyingi kuliko zote. Ila League ina mashujaa, yaani wahusika wa kuchagua kumcheza mmoja, zaidi ya 160 na Dota 2 zaidi ya 120, na mgeni anatakiwa ajue kila mmoja anafanya nini kabla hajaelewa hata kilichomuua. Mechi moja ya Dota 2 inaweza kufika dakika 40 au kuzidi. Ukiondoka katikati unawaacha wenzako wakiwa wanne dhidi ya watano, na mfumo unakuadhibu. Mimi nikikuita nataka uje, na wakati huo huo sitaki nikufanye msaliti wa timu. Tukichagua gemu ya mechi fupi, sote wawili tutapumua.

Hesabuni vichwa pia. Fortnite ina vikosi vya wanne, Apex ya watatu, Rocket League mechi zake za kawaida ni watatu kwa watatu. Nyinyi mko watano. Mkichagua ya wanne, kila jioni kutakuwa na anayesubiri zamu, na huhitaji kuniambia atakuwa nani. Kwa hiyo gemu za watano kwa watano ndizo zinazowafaa: Valorant, Counter-Strike 2, League, Dota 2, au Mobile Legends ya kwenye simu. Ila jihadharini na siku mtakazokuwa wanne. Upande wa mechi za kupanda daraja, Valorant haipokei kundi la wanne, na League nayo hivyo hivyo kwenye foleni yake ya makundi. Sababu yake naiona ni ya haki kabisa: mgeni wa tano angejikuta peke yake katikati ya marafiki wanne wanaosemeshana mambo yao. Siku hizo chezeni mechi za kawaida.

Sasa vifaa. Mmoja wenu ana simu tu. Hilo peke yake linafuta nusu ya orodha, na msijaribu kulipita kwa kumwambia atafute kompyuta. League ya kompyuta haikutani na Wild Rift, ambayo ni League ya simu. PUBG Mobile na PUBG ya kompyuta ni viwanja viwili tofauti. Fortnite huwakutanisha wa simu, kompyuta na konsoli, ila mwenye kugusa kioo kwa vidole viwili atapambana na mwenye kipanya na kibodi, na katika kulenga shabaha tofauti hiyo ni kubwa.

Mnapopima, pimeni pia umbali wa seva, yaani kompyuta ya mbali inayoendesha mechi yenu. Mwanga ndani ya nyaya za intaneti husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Inaonekana ni kasi ya ajabu, lakini seva ikiwa kilomita 5,000 kutoka kwako, kwenda na kurudi ni milisekunde 50 hata kabla hujaongeza foleni za njiani. Hakuna simu mpya itakayoondoa hizo 50. Gemu nyingi hukuonyesha namba hiyo ya ucheleweshaji kwenye kona ya skrini. Kila mmoja aiangalie kwake na awatajie wenzake kwa ukweli. Mwenye namba kubwa asipewe kazi ya kuwahi kufyatua.

Hapo ndipo ninapofikia ninachokipendelea mimi. Naona mwanze na Mobile Legends. Inachukua watano, inachezwa kwenye simu ambazo wote mnazo, na mechi zake nyingi huisha kati ya dakika 10 na 20. Kweli na yenyewe ina lile tatizo la kumtia nguvu adui ukiuawa, lakini jioni mbaya haiwi ndefu, na ndani yake kuna kazi isiyotegemea wepesi wa kulenga. Mtazame Tigreal, yule askari mwenye ngao. Anatembea mbele ya wenzake, anapigwa na bado amesimama, anasubiri maadui wakaribiane, kisha anawavuta wote mahali pamoja kwa muda mfupi tu. Muda huo ndio ninyi wanne mnapiga. Anayemcheza huenda asiue hata mmoja, na bado pambano likawa limeshindwa kwa mkono wake. Au Estes, anayewaponya wenzake akiwa nyuma yao. Rafiki yenu ni mtulivu na anaona mambo mapema. Nimemsikia mara nyingi akiwaonya, nanyi hamkumsikiliza. Mpeni kazi hiyo, mkamwambie ni kwa sababu anaiweza, maana anaiweza kweli.

Msikimbilie mechi za daraja. Hesabu inayopanga nani akutane na nani, katika gemu nyingi, ina asili yake kwenye sataranji. Arpad Elo, profesa wa fizikia aliyezaliwa Hungaria na kuishi Marekani, alitunga njia ya kupima nguvu za wachezaji, na shirikisho la dunia la sataranji, FIDE, likaichukua mwaka 1970. Kwa hesabu yake, anayekuzidi pointi 200 anatarajiwa kuvuna kama robo tatu ya alama mnazogombea. Mfumo kama huo hukutafutia mpinzani anayelingana nawe, kwa hiyo mfumo huo ukifanya kazi vizuri mtashinda karibu nusu na kupoteza karibu nusu, leo na mwakani. Mkilijua hilo, mechi tatu za kupoteza mfululizo hazitawagombanisha. Na asitokee mmoja wenu mwenye daraja la juu akafungua akaunti mpya ili awapige wageni. Huo ni uonevu, sitautetea.

Kuhusu pesa nitakuwa mfupi. Kununua vazi la shujaa wako kwa bei inayoonekana ni matumizi kama mengine, tutazungumza. Kununua sanduku usilojua lina nini ni kamari. Tume ya kamari ya Ubelgiji ilisema hivyo mwaka 2018 kuhusu masanduku ya FIFA 18, Overwatch na Counter-Strike: Global Offensive, na mimi nakubaliana nayo. Hilo jibu lake ni hapana.

Na Valorant uliyoiomba? Alama yake ya PEGI, mfumo wa Ulaya unaoonyesha gemu inafaa umri gani, ni miaka 16, nawe hujaifikia. Isitoshe programu yake ya kuzuia wadanganyifu, Vanguard, huingia hadi kwenye kiini cha mfumo wa kompyuta, na kwa kawaida huanza kazi pale kompyuta inapowashwa. Kazi yake naielewa, maana wadanganyifu wameharibu gemu nyingi nzuri. Lakini ile kompyuta ina kazi zangu na za dada yako, kwa hiyo si uamuzi wako peke yako. Ukifikisha umri, tutakaa sote watatu tuamue.

Jumamosi waite wenzako, mjaribu mechi za kawaida tu, bila wageni kusikika kwenye maikrofoni. Hiyo huzimwa kwenye mipangilio, nitakuonyesha. Kila baada ya mechi mbadilishane mashujaa. Mkimaliza, wa kwanza kuulizwa kama mwendelee nayo awe yule anayesemaga "nimekufa tena". Akisema hapana, tafuteni nyingine, na mimi nitakaa nanyi kuitafuta. Ila kabla ya hapo muulize simu yake imebakiza nafasi kiasi gani, kwa sababu gemu hiyo hujaza hifadhi kadiri inavyoongezwa vitu, nami sitaki afute picha zake kwa aibu ya kusema imejaa. Niletee jibu kabla ya Ijumaa.

Nakupenda sana.

Mama yako