Barua kwa mwanangu: shira iliyomwagika kwenye jiko la kioo

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Sisi huku Tanga wazima, sijui wewe huko Leeds. Picha uliyotuma nimeiona, nikaikuza mpaka mwisho. Lile duara la kahawia lenye kingo nyeusi limenirudisha Leicester moja kwa moja, miaka ile nikisafisha nyumba za watu wanaohama. Mama yako alitaka kukupigia saa ile ile. Nikamwambia hili nitamwandikia, kwenye simu atasikia nusu na nusu itakatika.

Kwanza, iweke kando hiyo stili waya. Unasema umesugua kidogo tu. Mwanangu, kwenye jiko la kioo hakuna kidogo. Mkwaruzo hautoki, na kesho utashika mafuta na masizi. Upande mgumu wa sponji nao ni vivyo hivyo; tumia ule laini.

Halafu ujue kwamba doa lako si uchafu wa kawaida. Mchuzi ukimwagika, au uji, au maziwa yakifurika, unaweza kuzima jiko, ukala, ukaja kufuta baadaye. Shira ya kaimati haikupi nafasi hiyo. Sukari ikiyeyuka inagandana na kioo chenyewe. Jiko likianza kupoa, sukari inasinyaa, lakini kioo hicho kimetengenezwa kisitanuke wala kisisinyae kwa joto, ndiyo maana kinastahimili moto mkali bila kupasuka. Sasa mmoja anavuta na mwenzake hasogei. Sukari ikija kubanduka, inatoka na vipande vya kioo.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Mwaka wangu wa kwanza nilikuta jamu imemwagika kwenye jiko lingali moto. Nikaona busara ni kungoja lipoe. Lilipopoa nikabandua ile jamu, ikatoka vizuri kabisa, kipande kizima kama ganda. Nikafurahi. Kisha nikapitisha kidole, kucha ikanasa. Vishimo vitatu, vidogo kama punje za mtama. Kishimo cha namna hiyo hakizibiki, kioo kizima hubadilishwa. Nilikatwa mshahara miezi miwili, na wewe wakati huo ulikuwa unangoja ada ya shule. Sijasahau.

Kwa hiyo shira, asali, jamu, hata plastiki iliyoyeyuka, huondolewa hapo hapo. Zima, ondoa sufuria, vaa glavu nene za oveni, chukua kikwaruzo chenye wembe na uisukume taratibu mpaka sehemu ya kioo iliyo baridi. Wembe uulaze kama kinyozi anavyoulaza shingoni, usiusimamishe. Na uwe mpya. Wembe uliopata pengo huchora mstari.

Yako imekwisha poa, basi usiibandue kavu. Lowesha kitambaa kwa maji ya moto na tone la sabuni ya vyombo, kifunike pale kwa nusu saa, kikipoa ubadilishe. Sukari italainika. Ndipo upitishe wembe, ufute, ukaushe. Madoa meupe ya maji hutoka kwa siki kidogo.

Ile sufuria ya alumini uliyobeba kutoka nyumbani ndiyo inayoacha michirizi ya kijivu. Inyanyue, usiiburute. Na chungu cha bibi yako kisikanyage hapo kabisa, kitako chake ni msasa. Futa vitako vya sufuria kabla ya kupika, chembe moja ya mchanga wa mchicha inatosha kuchora kioo. Taa nyekundu ikiwa bado inawaka, usiguse, hata kama jiko umeshalizima. Ukiona ufa, hata mwembamba kama unywele, zima kwenye swichi kubwa ya ukutani na usipikie tena mpaka fundi aje.

Oveni haina haraka hiyo. Changanya soda ya kuokea na maji mpaka iwe uji mzito, paka ndani ikiwa baridi, usipake kwenye vyuma vinavyotoa joto wala mpira wa mlango, uache ilale. Asubuhi futa kwa kitambaa chenye maji, nyunyiza siki palipobaki weupe, futa tena. Zile waya za kuokea zilaze kwenye beseni la maji ya moto na sabuni ya unga usiku kucha. Dawa kali za dukani nyingi zina kostiki, kemikali inayounguza ngozi. Zinafanya kazi, lakini ngozi ya mikono yangu unaijua, na wewe ni muuguzi, mikono ndiyo kazi yako. Ukizitumia, glavu na dirisha wazi. Siki na jiki usivikutanishe, mvuke wake unachoma mapafu. Na usitandike karatasi ya foili sakafuni mwa oveni. Joto hurudi chini na enameli, lile ganda gumu linalong'aa ndani ya oveni, huharibika.

Doa likitoka, kabla hujanitumia picha, pitisha kucha taratibu. Ikinasa, mwandikie mwenye nyumba wewe mwenyewe, wiki hii hii, usingoje aje akague siku ya kuhama. Sehemu ya gharama nitakutumia. Kaimati endelea kupika, ila shira ichemshie kwenye sufuria kubwa, isivuke nusu.

Mama yako anakusalimu sana.

Baba yako