Barua ya wazi kwa diwani wetu: lile daftari la mafundi liko wapi?

Mheshimiwa Diwani,

Salaam. Natumaini u mzima na nyumbani hawajambo. Jina la kata silitaji. Wewe unajijua, na sisi tuliosimama juani uwanja wa shule ya msingi siku ile ya mkutano tunakujua.

YAH: DAFTARI LA MAFUNDI ULILOTUAHIDI

Nakuandikia hadharani kwa sababu barua mbili nilizopeleka ofisini kwako zimelala. Sababu ya pili ni mjukuu wangu. Jumamosi iliyopita alishika bomba la bafuni akapigwa shoti, akatupwa mpaka mlangoni. Mzima, namshukuru Mungu. Ila tangu siku hiyo anaogea uani kwenye beseni, na baridi ya Arusha ya mwezi wa saba huhitaji kusimuliwa.

Bafu lenyewe, Mheshimiwa, ni jipya. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nyumba yangu nilijenga tofali kwa tofali, na nilipopata mafao nikasema nitengeneze bafu kabla magoti hayajakataa kuinama: vigae vipya, mabomba mapya, shawa ya umeme. Fundi akaniambia, "Wiki moja tu, mwalimu." Wiki hiyo ilikula miezi mitatu. Mara ana msiba Babati, mara mama yake amelazwa. Kwa huyo mama nilituma shilingi 10,000 ya pole. Alhamisi yake nikamkuta fundi soko la Kilombero anachagua maparachichi, na mama mgonjwa yuko pembeni anapatana bei kwa sauti kuliko wachuuzi wote.

Kazi ilipoisha nilichukua golori ya mjukuu nikaiweka katikati ya sakafu. Ilitulia kidogo, ikaanza kutembea, ikapita kando ya tundu la maji kama hailioni, ikatoka mlangoni, ikaingia chumbani hadi chini ya kitanda changu. Maji nayo yanafuata njia hiyohiyo. Godoro nimelipandisha juu ya matofali manne.

Baada ya ile shoti nilimwita fundi umeme mwingine, mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, akafungua kile kisanduku cha shawa. Akaniita nione mwenyewe. Waya wa kijani wenye mstari wa njano, ule wa kupeleka umeme ardhini pakitokea hitilafu, ulikuwa umekatwa, umekunjwa, umefungwa utepe mweusi kama kidonda. Nikampigia yule wa kwanza. Akanijibu bila wasiwasi, "Mama, huo ni wa ziada tu." Tangu hapo simu yake haipatikani.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Akauliza kama tuliandikiana. Hatukuandikiana, tulikubaliana kwa chai. Akauliza jina lake kamili. Nikabaki nimetumbua macho, maana kwenye simu yangu nimemwandika "Fundi Bafu". Mtu amekaa chumbani kwangu miezi mitatu, anajua ninapoweka funguo, simjui jina la pili!

Hapo ndipo nilipokumbuka maneno yako ya mkutanoni, Mheshimiwa. Ulisema kila fundi wa kata hii ataandikwa ofisini: jina, picha, namba ya kitambulisho cha taifa, mdhamini, na cheti kama anacho. Mwananchi akitaka fundi, anakuja kuangalia daftari. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga vigelegele, na umri huu.

Usiniambie kuandika watu ni kazi ngumu. Bodaboda wa kituo chetu ana kizibao chenye namba na mwenyekiti wa kumshtaki. Machinga na mama lishe waliandikwa tangu mwishoni mwa 2018, wakapewa vitambulisho vya shilingi 20,000. Na ukifika wakati wa michango, ofisi yako inanipata hata nikiwa nimelala. Fundi tu ndiye haonekani?

Na sisemi kila fundi awe na shahada. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, ipo kwa sheria tangu 1994, na wana utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia mtaani na kumpa cheti kwa ujuzi alionao. Wangapi wa kata hii wamewahi kuelezwa hilo? Wengi walianza kama saidia fundi, wakabeba zege miaka miwili, asubuhi moja wakaamka mafundi. Hakuna aliyewapima zaidi ya sisi wenye nyumba, tena kwa hela zetu.

Wengine wanasema wazuri wote wamekimbilia Olmoti kwenye uwanja wa AFCON 2027, sisi tumebakiziwa makapi. Inawezekana. Mimi naona tatizo pia ni hiki cha juu wanachopewa kwenye maduka ya vifaa. Fundi wangu alinipeleka duka moja tu, la mbali, nikalipia mifuko ya gundi ya vigae ambayo hadi leo mingine sijaiona ukutani. Na niwe mkweli, mimi pia nina kosa. Fundi mwenye leseni alitaka shilingi 180,000 kwa umeme wa bafu. Huyu akasema 60,000. Nikacheka moyoni kwamba nimeokoa 120,000.

Basi naomba mafundi wapimwe. Naomba wanaokula advansi na kutoroka waitwe wajieleze mbele ya mtaa. Naomba maduka nayo yaangaliwe. Najua utaniambia bajeti, utaniambia kamati, utaniambia suala liko juu yako. Haya, yaache yote. Nibakizie daftari.

Kauntabuku nimeshanunua kwa pesa yangu, na kalamu mbili. Jumatatu saa tatu asubuhi nitakuwa kwenye benchi la ofisi ya kata, nipe mtu mmoja wa kuandika. Asipokuwepo nitaandika mwenyewe, nimefundisha watoto kuandika miaka thelathini na mwandiko haujanitoka mkononi.

Ukurasa wa kwanza nimeuanza. Namba moja: Fundi Bafu. Jina la pili nimeliachia nafasi.

Wako mtiifu, bado kidogo,

Mwalimu mstaafu,
mkazi wa kata yako